Kuchagua Vyombo vya Sauti kwa Fedha Kidogo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vya kusikilizia nyumbani, yaani redio, amplifaya, spika, na chombo kile ambacho watu hukiita sabufa. Twasema tukiwafikiria hasa watu wa Kyimo na vijiji vingine vilivyo kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela. Fedha ya huko hutoka katika ndizi, chai, kahawa, maziwa na maparachichi. Nayo, kabla haijafika dukani, imekwisha kudaiwa na sare za watoto, na mbolea, na dawa. Mwenye nyumba akiitoa kununua chombo cha sauti, hana nyingine ya kurudia. Basi yampasa achague kwa akili.

Neno letu ni moja: tununue kwanza maneno, ndipo tununue ngurumo. Chombo kinachosema maneno wazi chafaa nyumbani kuliko chombo kinachotikisa kuta. Wazee walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Na tuanze na mfano wa zamani. Mwaka 1949, huko Lusaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu walianza kuuziwa redio ndogo iliyoitwa kwa jina la sufuria. Bwana Harry Franklin, aliyesimamia mambo ya habari ya nchi ile, alikuwa ameishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa watu wasio na mali. Ganda la redio ya majaribio lilifanywa kwa sufuria, ndiyo sababu ya jina lake. Redio iliuzwa pauni 5, yaani shilingi 100, na betri yake shilingi 25. Betri hiyo ilidumu kiasi cha saa 300. Tazameni hesabu hii. Chakula cha chombo kilikuwa robo ya bei ya chombo chenyewe, na kilipokwisha kilipaswa kununuliwa tena. Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, chombo kidogo kilichotengenezwa kwa shabaha ya kusikika chaweza kumtumikia mtu vizuri. La pili, asiyeuliza bei ya kukilisha chombo bado hajajua bei ya chombo.

Sasa twende dukani. Jambo la kwanza ni kutodanganywa na tarakimu. Mtaona juu ya boksi la sabufa pameandikwa wati elfu kadhaa, na muuzaji atawaonyesha kwa kidole. Msibishane naye, geuzeni chombo mkatazame mgongoni, mahali palipoandikwa kiasi cha umeme kinachoingia. Ikiwa kinachoingia ni wati 40, basi hakiwezi kutoa wati elfu kwa mfululizo, kama vile mtungi wa lita ishirini hauwezi kumimina lita mia. Wati za kweli ni zile zinazoandikwa kwa herufi RMS, maana yake nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa kwa kudumu. Zile zinazoandikwa PMPO ni za kupambia boksi tu.

Tena, hata wati za kweli hazizidishi sauti kama watu wanavyodhani. Ukiongeza nguvu kutoka wati 20 hadi wati 40, sauti hupanda desibeli 3 tu, na sikio husikia tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu yapasa iongezwe kiasi cha mara kumi. Kwa hiyo mwenye wati 20 njema katika sebule ya kijijini hana haja ya kumwonea wivu jirani yake.

Jambo la pili ni spika, kwa maana spika ndiyo kinywa cha chombo. Ndani yake mna sumaku, na uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa, na karatasi ya mviringo iliyoshikamana na uzi ule. Umeme ukipita katika uzi, uzi husukumwa na sumaku mbele na nyuma, karatasi husukuma hewa, na hewa hufika masikioni. Mwaka 1925 Bwana Rice na Bwana Kellogg wa Marekani waliandika habari za spika waliyoitengeneza kwa njia hiyo, na mpaka leo spika nyingi za nyumbani hufanya kazi vivyo hivyo. Simu na redio hubadilika kila mwaka. Spika njema haizeeki upesi. Ndiyo sababu twashauri hivi: mkiwa na fedha sehemu kumi, wekeni tano katika spika, mbili katika amplifaya, mbili katika umeme wa kuilisha, na moja katika nyaya na fundi. Nyimbo na habari zaweza kutoka katika simu mliyo nayo tayari, au katika redio.

Kama fedha yatosha sabufa tu, si aibu; chagueni iliyo afadhali. Sabufa ni boksi lenye amplifaya na spika kubwa ya besi, pamoja na spika ndogo mbili au zaidi. Maneno hutoka katika zile ndogo, wala si katika boksi kubwa. Basi tazameni zile ndogo kwanza: zisiwe nyepesi kama makopo, wala zisikwaruze sauti ikipanda. Tena iwepo swichi ya kupunguza besi peke yake. Sabufa isiyokubali kupunguzwa besi ni kama mgeni asiyejua kunong'ona usiku.

Jambo la tatu ni kujaribu kwa masikio. Msikubali muuzaji awachagulie wimbo, kwa kuwa atachagua wenye kishindo. Ombeni kwanza sauti ya mtu anayesoma habari. Je, mwasikia mwisho wa kila neno? Mwaweza kupambanua “saa” na “shaa”, “fahari” na “bahari”? Kisha ombeni kwaya. Wilaya ya Rungwe ina waimbaji wengi, na masikio yao yamezoea sauti nne. Ikiwa sauti ya tatu imemezwa na besi, chombo hicho kina upungufu. Mwisho punguzeni sauti hata iwe ya chini kabisa. Chombo chema husema wazi hata kikisema polepole. Kibaya huhitaji kupiga kelele ili kieleweke.

Wengine watapenda kununua vyombo vilivyokwisha kutumika, navyo vyaweza kuwa vyema kuliko vipya vya bei ile ile. Lakini hapo yatakiwa macho. Gusa karatasi ya spika kwa vidole viwili, uisukume kwa upole na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo ndani, iache. Tazama ukingo wake: ukiwa wa sponji, sponji huoza kwa miaka na kumeguka kama mkate mkavu. Zungusha vifundo vya amplifaya huku ikilia. Vikitoa milio ya kukwaruza, huenda ni vumbi tu ambalo fundi aweza kulisafisha, basi omba bei ipunguzwe. Zaidi ya yote, soma volti mgongoni. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani huandikwa volti 100, na cha Marekani volti 120. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani, chaweza kuungua siku hiyo hiyo, na fedha ya gunia zima la kahawa ikageuka moshi. Chahitaji transfoma ya kupunguza umeme, nayo ina bei yake.

Angalieni pia ile namba ya omu iliyoandikwa nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya. Ikiwa amplifaya yataka omu 8, msiifungie spika ya omu 4, maana itavutwa nguvu kupita kiasi, itapata moto na kufa mapema.

Jambo la nne ni chakula cha chombo. Kwa nyumba zitumiazo sola, fanyeni hesabu hii pamoja na watoto wenu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Ikiwa ni betri ya risasi na asidi, haifai kuitumia zaidi ya nusu, isije ikafa upesi. Basi zabaki 120. Chombo kinachokula wati 20 kitalia saa 6. Ila mkiwasha na taa, saa zitapungua. Na kumbukeni kwamba katika miezi ya mvua na ukungu paneli hailishi betri kama ilishavyo wakati wa jua. Wenye umeme wa nguzo nao wasikae bila tahadhari: radi ikianza kupiga, chomoeni waya ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Jambo la tano halina bei, nalo ni mahali pa kuweka. Spika mbili na msikilizaji wafanye pembe tatu zilizo sawa, na spika ziinuliwe zifikie kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Ukiisukuma spika kwenye kona, besi huongezeka na maneno huzama. Ukiivuta mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja, maneno hurudi. Jaribuni jambo hili leo hii, hata kwa redio ndogo. Mkeka chini na pazia dirishani hupunguza mwangwi wa sakafu ya saruji na kuta tupu.

Tena hakikisheni nyaya zimefungwa sawasawa. Ukigusisha betri ndogo ya tochi kwa mara moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, karatasi ya spika ya besi hutoka nje. Ikiingia ndani, alama zimegeuzwa. Spika mbili zinazovutana, moja ikitoka na nyingine ikiingia, huua besi, na watu wengi hukimbilia kununua sabufa kumbe ilikuwa waya tu.

Watu wa Tukuyu wana adui wao wa peke yake, nayo ni mvua, ambayo huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ikinyesha juu ya mabati, hakuna spika ya bei ndogo itakayoshinda kishindo chake. Dari ya mbao au ya matete itafaa kuliko kununua wati zaidi. Na unyevu wake huleta ukungu mweupe juu ya karatasi za spika. Basi msiziweke sakafuni wala karibu na ukuta unaolia maji, na zifunikeni kwa kitambaa chepesi msipozitumia.

Ndugu zetu, chombo cha sauti hununuliwa na mmoja lakini husikilizwa na nyumba nzima. Yafaa basi baba, mama na watoto wakae pamoja wakapatane kabla ya fedha kutoka. Bibi ataka kusikia habari bila kuuliza mara mbili. Kijana ataka ngoma. Mwanafunzi ataka kusikia Kiswahili safi ili ajifunze kukisema. Chombo chenye maneno wazi chaweza kuwaridhisha wote watatu. Chombo chenye ngurumo tupu kitamridhisha mmoja, tena kwa siku chache.

Mkienda dukani, chukueni vitu vitatu: betri ya tochi, karatasi ya hesabu, na mtu mwenye masikio mazuri. Kwaherini, na Mungu awape usikivu mwema.