Redio ya Wenyeji Mpakani



Askari anaijua thamani ya redio kuliko watu wengi. Tarehe 25 Januari 1971 wananchi wa Uganda walitambua kwamba serikali imepinduliwa pale askari aliposoma katika Radio Uganda sababu kumi na nane za kitendo hicho. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walioasi nchini Kenya waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi alfajiri. Siku hizo redio ilikuwa kama ghala la silaha: ilikuwa moja, na aliyeishika ndiye aliyesema. Kutokana na hayo tumezoea kukitazama kila kipaza sauti kwa jicho la mlinzi. Leo napenda kuzungumza juu ya redio ambayo jicho hilo halitoshi kuielewa, yaani redio inayomilikiwa na wenyeji wa mahali na kupangiwa vipindi na wao wenyewe.

Mwezi Mei 1982, miezi mitatu tu kabla ya uasi ule, kituo kidogo kilifunguliwa huko Homa Bay, kusini mwa Ghuba ya Winam. UNESCO ilishirikiana na Serikali ya Kenya, mitambo ikawa ya bei nafuu, na lugha ikawa Kijaluo. Wengi hukitaja kuwa redio ya jamii ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1984 kilifungwa. Sikusudii kuwahukumu waliokifunga. Lililo dhahiri ni kwamba kituo kilikuwa cha serikali, na wale waliokisikiliza kila siku hawakuwa na kauli yoyote siku kilipozimwa.

Sasa tuutazame mpaka wetu wa Busia na Tororo. Mwaka 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili, lakini misiba, mahari na masoko yao havikugawanyika. Mawimbi ya redio nayo hayana habari na kizuizi cha barabarani: mlingoti ukisimama Busia ya upande mmoja, husikika upande wa pili. Lakini leseni hutolewa Kampala au Nairobi, na kila mji mkuu humhesabia msikilizaji wa ng'ambo kuwa mgeni.

Mtu atauliza: watangaze nini? Katika Budalang'i, upande wa Kenya wa Busia, mto Nzoia hupasua kingo zake na kuwahamisha watu. Huko kilianzishwa kituo cha Bulala kwa msaada wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ili onyo la mafuriko lisemwe kwa lugha ya nyumbani. Onyo la namna hiyo likifika mapema, hupunguza kazi ya askari wanaotumwa baadaye na mashua.

Kazi ngumu ya redio kama hii ni kulipia umeme. Vifaa huja kwa ufadhili; mafuta ya jenereta hayaji. Kijana akishafundishwa kutangaza vema, huitwa na kituo cha biashara mjini, naye huenda, wala hatuwezi kumlaumu. Matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea huleta fedha kidogo. Hapo ndipo hutokea mwanasiasa mkarimu, akalipa mafuta ya mwezi mzima, na mwezi unaofuata akadai saa nzima ya kipindi. Kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, yenye daftari la hesabu lililo wazi kwa wote, huweza kumkatalia. Kamati ya jina tu haiwezi.

Wako watakaotukumbusha RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya 1994. Ni haki kukumbusha. Lakini RTLM ilikuwa kampuni ya wenye hisa, na Rais wa nchi alikuwa mmoja wao. Haikuwa ya kijiji chochote. Mtangazaji wa redio ya wenyeji akisema uongo jioni, asubuhi hukutana sokoni na yule aliyemsingizia. Akivunja sheria, iko tume ya mawasiliano na ziko mahakama. Kwenda kung'oa mitambo bila amri ya kisheria hakuondoi uvumi. Huupeleka tu mahali pasipo na mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo mkuu wa kituo cha polisi akialikwa studio na aende, akiwa mgeni, ajibu maswali. Asiyejua Kisamia au Kiteso afuatane na konstebo mwenyeji wa hapo. Ataulizwa juu ya wanawake wanaovusha mahindi kwa njia za panya, ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki inao utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa zilizoorodheshwa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000. Wengi wao hawajawahi kuelezwa utaratibu huo kwa lugha yao. Na ataulizwa pia, pengine na mama mzee kwa sauti ya upole, ile shilingi inayotozwa usiku pale njia ya panya inapokutana na barabara huandikwa katika kitabu gani.