Kitabu cha bure, jasho la nani?

Novemba 2022, serikali ya Marekani ilizifunga anwani za Z-Library, tovuti ya kupakua vitabu bila idhini, iliyojigamba kuwa navyo zaidi ya milioni 11. Raia wawili wa Urusi waliotuhumiwa kuiendesha walikamatwa Argentina kwa ombi la Marekani. Wanafunzi waliomboleza kwenye TikTok. Authors Guild, chama cha waandishi kilichokuwa kimelalamika serikalini, kilipumua.

Wanaopakua wana hoja zao. Kitabu cha chuo Marekani huweza kupita dola 100. Kunakili faili, wanasema, hakumnyang'anyi mtu nakala yake. Tena wachapishaji ni matajiri tayari.

Hoja hizo hazina uzito sawa. Mtafiti anayeandika makala ya jarida la kisayansi kwa kawaida halipwi na jarida hilo. Akisomwa bure, mfuko wake haupungui. Mtunzi wa riwaya hutegemea mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala. PDF inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp, kurasa zimepigwa picha kwa simu na kidole cha mpigaji kimejitokeza pembeni, haimwingizii hata senti.

Wachapishaji nao wana la kujibu. Mwaka 2011 HarperCollins ilianza kuziuzia maktaba vitabu vya kielektroniki kwa leseni inayokwisha baada ya kuazimwa mara 26. Zikivihitaji tena, zilipe upya. Msomaji mwaminifu hujikuta kwenye foleni.

Z-Library ilirudi kwenye intaneti ya kawaida Februari 2023, safari hii ikimpa kila mtumiaji anwani yake binafsi.