Mtoto Wako Atachezea Wapi?

Leo tunazungumza juu ya mchezo wa mtoto, jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa ni afya.

Tunadhani mtoto wa Kenya, nchi ya wakimbiaji, hana haja ya kuambiwa akimbie. Lakini watafiti walipowapima watoto wa miaka 9 hadi 11 jijini Nairobi, katika utafiti uliofanywa katika nchi 12, walikuta kama mtoto 1 tu kati ya 8 anafikisha mazoezi yanayotakiwa. Kama 1 kati ya 5 alikuwa na uzito uliozidi.

Yanayotakiwa ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kujichosha hadi moyo uende mbio. Si lazima ziwe mfululizo. Kutembea haraka kwenda shule, kuruka kamba, kucheza kati, mpira wa makaratasi, vyote vinahesabiwa. Kuchota maji pia ni kazi ya mwili, lakini msichana usimnyime mchezo kwa kuwa amechota maji! Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa, mlaze kifudifudi akiwa macho, ukimwangalia, mara kadhaa hadi zitimie dakika 30 kwa siku.

Sasa utaniuliza, acheze wapi? Ploti haina uwanja, barabarani kuna matatu. Swali hilo si lako peke yako. Mnamo Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipopinga ukuta uliojengwa kuziba uwanja wao. Watoto walijua thamani ya uwanja kabla yetu sisi wazazi.

Kwa hivyo, mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda. Uliza kama shule ina hatimiliki ya ardhi yake, uwanja ukiwemo. Uliza pia kama kipindi cha mazoezi kilicho kwenye ratiba kinafanyika kweli, au kimegeuzwa kuwa cha hesabu. Walimu wengine hufanya hivyo kwa sababu sisi wenyewe tunadai alama tu.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kaunti inapokusanya maoni ya bajeti, kina mama husemea maji na dawa, nao wana haki. Ongezeni uwanja kwenye orodha hiyo.

Kama mtoto wako ana pumu au ugonjwa wa moyo, usimfungie ndani. Muulize muuguzi kwenye kliniki ni mchezo gani unaomfaa na ni dalili zipi za kumfanya apumzike. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaangalia chakula anachobeba mtoto kwenda shule.