Mgeni wa Bunge la Cape Town

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki mliojaaliwa kukutana hapa Cape Town,

Mimi ni mzaliwa wa Msowero, wilaya ya Kilosa, na mtu atokaye kwetu, akishafika Dumila na kuishika barabara kuu iendayo Morogoro, hana budi kupita Dakawa, mahali ambapo katika miaka ya 1980 wakimbizi wa nchi hii walipewa ardhi ya makazi, kama walivyokwisha kupewa Mazimbu, shamba la mkonge lililohamwa, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979.

Kwa hiyo kila nisikiapo wabunge wa kwetu Tanzania na wa hapa wanatembeleana kwa taadhima, fikira zangu hurejea tarehe 16 Oktoba 1997, siku Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini katika mji huu. Hakuwa tena rais. Alikuwa mzee aliyealikwa na watu ambao chama chao cha ANC, kilipokuwa marufuku kwao, kilikutana Morogoro mwaka 1969 kushauriana juu ya vita vyao. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kusimbulia fadhila, ni yeye. Naye akazungumza habari za kesho, kwamba Afrika kusini ya Sahara imebaki peke yake, haina jirani tajiri wa kuibeba, na kwamba Afrika Kusini ina wajibu wake katika kuijenga.

Sisi tuishio hapa, tangu wageni waliposhambuliwa na wenyeji Mei 2008, tumezoea kuwajibu wenyeji kwamba tuliwahifadhi wao walipokuwa wakimbizi kwetu. Ni kweli tupu, lakini masimango hayamfundishi kitu kijana aliyezaliwa Khayelitsha baada ya 1994, ambaye hakuna aliyemhadithia. Wa kuhadithia ni wazee wetu waliowapokea, na makaburi ya wapigania uhuru yaliyoko Mazimbu, ambako sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Wabunge wa hapa waendapo Dodoma kwa ziara ya urafiki, barabara itokayo Dar es Salaam inapita Morogoro na Dakawa. Basi wateremke, wakae na wazee hao, tena waandamane na vijana wao. Barua ya kuliomba Bunge jambo hilo nimeiandika, iko pale mezani, nami nawasihi kila mmoja atie saini yake kabla hatujaketi kula.