Kipimo cha Samweli

Katika somo la kwanza la Dominika hii tumemsikia nabii Samweli nyumbani mwa Yese. Alipomwona Eliabu, kijana mrefu wa kupendeza, alidhani ndiye mteule, Mungu akamkatalia. Samweli hakuwa mwongo. Kipimo chake ndicho kilichokuwa na kasoro.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya mfungwa wa jamii ya Métis, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa nchi ile. Mtu huyu aliua, nasi hatumtetei kwa hilo. Lakini gerezani alikadiriwa hatari yake kwa vipimo vitano vya kisaikolojia ambavyo havikuwa vimethibitishwa kwamba vinawafaa wenyeji. Wakuu wa magereza walijua shaka hiyo kwa miaka mingi, wakaendelea kuvitumia. Mahakama haikusema kwamba vipimo ni vya uongo. Ilisema sheria iliwadai wavichunguze, nao hawakuvichunguza. Na alama za namna hiyo zaweza kumchelewesha mtu kuachiliwa.

Nasi je? Bibi kizee mkatekumeni, asiyelelewa katika Kiswahili, akishindwa maswali yetu nasi tukaandika kwamba hajaiva kwa ubatizo, tumepima imani yake au Kiswahili chake?