Ushawishi wa China katika Vyombo vya Habari vya Visiwa vya Solomon

Visiwa vya Solomon, nchi yenye watu zaidi ya laki saba katika Pasifiki ya Kusini, vilivunja uhusiano na Taiwan na kuitambua China Septemba 2019. Aprili 2022 ukafuata mkataba wa usalama kati ya Honiara, mji mkuu wa visiwa hivyo, na Beijing. Ujenzi wa uwanja wa michezo uliogharimiwa na China ulionekana na kila mtu. Kazi iliyofanyika katika vyumba vya habari haikuonekana kirahisi, na huenda ndiyo yenye uzito zaidi: serikali hubadilika kwa uchaguzi mmoja, lakini maoni ya wananchi yakishajengeka hayabadiliki upesi.

Mlango wa kwanza wa ushawishi wa China ni ufukara wa vyombo vya habari vyenyewe. Katika soko dogo kama la Honiara matangazo ya biashara ni haba, karatasi na wino huagizwa kutoka ng'ambo, na mtambo wa kuchapia ukiharibika gazeti linaweza kukosa kutoka. Mwaka 2023 ilifichuliwa kuwa Solomon Star, gazeti la kila siku, lilipata kutoka China msaada wa takriban dola 140,000 za Marekani kwa ajili ya vifaa vya uchapaji na vya kituo chake cha redio, Paoa FM. Katika andiko la kuomba fedha hizo, gazeti liliahidi kueneza ukweli kuhusu ukarimu wa China. Lilipoulizwa, lilikana kuegemea upande wowote. Hata hivyo, ahadi ya namna hiyo ikishaandikwa, mhariri hahitaji kupigiwa simu na ubalozi ili ajue habari ipi aiweke kando. Juu ya hayo kuna habari na picha za Xinhua, shirika la habari la China, pamoja na ziara za mafunzo nchini China.

Mlango wa pili uliachwa wazi na Australia. Januari 31, 2017, shirika lake la utangazaji, ABC, lilizima matangazo ya masafa mafupi, ambayo watu wa visiwa vya mbali waliyategemea hasa wakati wa vimbunga. Baadhi ya masafa hayo yakachukuliwa na Redio China Kimataifa, ile ile inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Serikali ya Australia ilibana matumizi na kupoteza wasikilizaji ambao leo inawatafuta kwa gharama.

Zaidi ya milango hiyo miwili, waandishi walibanwa pia moja kwa moja. Mei 2022, Wang Yi, Waziri wa Mambo ya Nje wa China, alipofika Honiara, waandishi wa nchi hiyo waliambiwa wangeruhusiwa swali moja tu, tena kwa waziri wao wenyewe. Chama chao kikasusia mkutano. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri katika mji ambao mwandishi na waziri hukutana sokoni. Miezi michache baadaye serikali ya Manasseh Sogavare, waziri mkuu wa wakati huo, ilitaka habari za redio ya taifa, SIBC, zikaguliwe kabla ya kurushwa. Hakuna uthibitisho kwamba agizo hilo lilitoka Beijing. Watawala wa ndani nao wana sababu zao za kuogopa maswali.

Vyama vya waandishi na mabaraza ya habari katika nchi ndogo yadai jambo moja bila kusita: kila msaada wa serikali ya kigeni kwa chombo cha habari, uwe wa China, Australia au Marekani, utangazwe kwa wasomaji pamoja na masharti yake kabla fedha hazijapokelewa.