Kazi ya Treni za Chini ya Ardhi, na Funzo Lake Kwetu

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, fundi wa mabehewa, katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kazi ya treni zinazopita chini ya ardhi. Najua wengine wenu mmecheka mliposikia. Mmesema, huyu fundi wa mabehewa, ambaye hajavuka hata mpaka wa Namanga, atatuambia nini juu ya treni za New York? Ni kweli, sijafika huko. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, sikuendelea zaidi. Lakini walimu wale walitufundisha kusoma, na mtu aliyefundishwa kusoma hana udhuru. Habari hizi nimezisoma jioni, baada ya zamu, kwa sababu nilikuwa na jambo langu lililokuwa likinisumbua moyoni. Jambo hilo nitalisema mwisho. Kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Kwetu Kenya hatuna treni ya chini ya ardhi. Katika Afrika walioanza ni ndugu zetu wa Misri, mjini Cairo, mwaka 1987. Mji wa London ulianza zamani sana, mwaka 1863, na treni zake za kwanza zilivutwa na injini za moshi humo humo ndani ya shimo, abiria wakikohoa. Mji wa New York ulifungua yake tarehe 27 Oktoba 1904, nayo ilikuwa ya umeme tangu siku ile. Leo ina stesheni zaidi ya 400 na mabehewa zaidi ya 6,000, na kwa kawaida hufanya kazi usiku na mchana. Sisi tumezoea kusema gari la moshi. Hilo halina moshi, lakini chuma ni kile kile, na gurudumu ni lile lile.

Umeme wake hupita katika reli ya tatu, iliyolazwa kando ya zile mbili tunazozijua. Nguvu yake ni zaidi ya volti 600. Behewa huuchukua umeme huo kwa kiatu cha chuma kinachoteleza juu ya reli hiyo. Basi fundi anayetembea njiani kule haangalii treni peke yake. Aangalia pia mahali anapotia mguu.

Treni ina watu wawili. Dereva yuko mbele, na gadi yuko katikati. Dereva hushika mpini ambao lazima aukandamize wakati wote. Akizimia, au akifa, mkono huachia, na breki hujifunga zenyewe. Tena kando ya njia, penye taa za ishara, pana mkono wa chuma. Taa ikiwa nyekundu, mkono husimama. Taa ikiruhusu, mkono hulala. Treni ikipita taa nyekundu, mkono ule hugonga kifaa kilicho chini ya behewa, hewa ya breki hutoka, na treni husimama dereva apende asipende.

Gadi naye ana desturi ambayo ningependa mwisikie. Katikati ya kila jukwaa umetundikwa ubao wenye mistari myeusi na myeupe kama punda milia. Treni ikisimama, gadi hufungua dirisha, hunyosha kidole kuuelekeza ubao ule, ndipo afungue milango. Maana yake ni hii: ubao ukiwa mbele yake, treni nzima iko jukwaani, wala hakuna behewa lililobaki ndani ya shimo ambamo abiria angeanguka. Desturi hiyo imeamriwa kule tangu mwaka 1996, na asili yake ni kwa wafanyakazi wa reli wa Japani. Mgeni akiona atacheka, mtu mzima anyoshea ubao kidole! Lakini kidole kile kinamlazimisha mtu aone anachosema ameona. Ndugu zangu, liwekeni neno hilo akilini.

Sasa niwaambie habari ya msiba.

Katika mtaa wa Brooklyn palikuwa na kampuni ya treni iliyoitwa Brooklyn Rapid Transit. Mwaka 1918 iliwafukuza madereva kwa sababu ya kujiunga na chama. Baraza la serikali lililowekwa wakati wa vita likaamua warudishwe kazini. Kampuni ikakataa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 1 Novemba 1918, madereva wakagoma. Kampuni haikutaka ionekane kwamba mgomo umesimamisha treni, ikawatia kwenye mipini watu ambao hiyo haikuwa kazi yao.

Mmoja alikuwa Antonio Luciano. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, kuwapanga wafanyakazi wa treni. Mafunzo ya udereva aliyoyapata yalikuwa ya saa chache tu, na njia ile hakuizoea. Alikuwa ametoka kuugua mafua makali yaliyoua watu wengi mwaka ule, na siku zile zile alikuwa amemzika mtoto wake. Jioni wakampa treni ya mabehewa matano iliyojaa watu wanaotoka kazini. Njiani akapotea, akaingia reli isiyo yake, ikabidi arudi nyuma. Akachelewa, akaongeza mwendo. Chini ya mtaa wa Malbone palikuwa na kona kali iendayo shimoni, mwendo ulioruhusiwa ni maili 6 kwa saa. Yeye aliingia kwa maili 30 au zaidi. Mabehewa mengi yalikuwa ya mbao. Yakapasuka kama masanduku ya chai. Watu wasiopungua 93 walikufa.

Luciano na wakubwa wa kampuni walipelekwa mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia. Mtaa wa Malbone ulibadilishwa jina, kama kwamba jina ndilo lililoua.

Zamani nilipokuwa nikisikia habari ya mvunja mgomo, nilikuwa namchukia tu. Habari hii imenifunza zaidi. Luciano alikuwa mfanyakazi kama sisi, mgonjwa, mwenye msiba nyumbani, naye hakuweza kusema sitaki. Wale 93 nao wengi walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakirudi kwao kula. Kazi ya ustadi haichukuliwi kwa siku moja. Tukidai saa za mafunzo hatujidai wakubwa, twawalinda wanaopanda.

Hiyo ilikuwa habari ya kuendesha. Sasa habari ya karakana, iliyo kazi yangu mimi.

Karibu na mwaka 1975 mji wa New York uliishiwa na fedha. Wakubwa wakatafuta mahali pa kupunguza, wakaona karakana. Maana treni isiyotengenezwa leo, kesho bado yaenda. Ukaguzi ukaahirishwa, vipuri vikakosekana, mafundi wakapungua. Sote twajua methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1981 mabehewa yale, kwa wastani, hayakuweza kwenda hata maili 7,000 bila kuharibika njiani. Milango ilikwama, mioto ilitokea, magurudumu yaliacha reli, na mabehewa yalipakwa maandishi ndani na nje hata dirisha halionekani. Watu wengi walidhani ubaya ni ile rangi. Fundi alijua kwamba ubaya uko chini ya sakafu.

Toka mwaka 1982 wakaanza kutia fedha tena. Walinunua mabehewa mapya, na ya zamani wakayafumua na kuyaunda upya. Lakini jambo kubwa zaidi kwangu ni hili: waliweka ratiba ya kubadili vipuri kabla havijafa. Kifaa kikifika maili zake hutolewa, kikiwa kizima au kibovu. Gurudumu lililopata bapa kwa kuburuzwa na breki hupelekwa kwenye mashini ya kukereza likaviringishwa tena. Tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye maandishi liliondolewa njiani. Miaka ya baadaye mabehewa yakafika maili zaidi ya 100,000 kati ya haribiko moja na jingine. Mji ni ule ule, na shimo ni lile lile. Kilichobadilika ni fedha, ratiba, na fundi kupewa nafasi ya kufanya kazi yake.

Na chama chao? Transport Workers Union ilianzishwa mwaka 1934, na kiongozi wake mkubwa alikuwa Michael Quill, mhamiaji wa kutoka Ireland. Wakati ule watu walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, siku saba kwa juma. Tarehe 1 Januari 1966 waligoma kwa siku kumi na mbili. Quill alitiwa kifungoni, akaanguka kwa ugonjwa wa moyo, akafa mwezi ule ule, lakini nyongeza ya mishahara walikuwa wameipata.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, sitaki tutoke hapa tukidhani makosa ni ya wakubwa siku zote. Tarehe 28 Agosti 1991, mjini humo humo, dereva aliyekuwa amelewa aliangusha treni karibu na stesheni ya Union Square. Watu 5 walikufa. Tarehe 27 Juni 2017 treni iliacha njia karibu na Mtaa wa 125, watu zaidi ya 30 wakaumia, kwa sababu kipande cha reli kilichowekwa akiba katikati ya njia hakikufungwa sawasawa. Fikirini, kipande kile cha reli kililetwa pale ili kutengeneza njia, kikaiharibu treni, kwa kuwa hakikufungwa! Chama kinachodai haki bila kudai kazi safi kitachekwa, na kitastahili.

Sasa nimefika kwenye jambo langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, mahali ambapo sitapataja. Tulikuwa watu wawili penye kazi ya watu wanne. Treni ya abiria ilikuwa iondoke alfajiri, mabehewa kumi na mawili, nami nilipaswa kukagua breki, kitako kwa kitako, gurudumu kwa gurudumu. Nilikuwa nimemaliza manane, mvua yanyesha, tochi yafifia. Msimamizi akaja na kitabu. Akasema, "Tia saini, treni inangojwa." Nikamwambia, "Bado manne, mzee." Akasema, "Yale manne yalikaguliwa juzi. Unataka tuchelewe kwa ajili yako?" Nikatia saini ya kumi na mawili.

Treni ikaenda, ikarudi salama. Hakuna jambo lililotokea, na ndugu zangu, hapo ndipo palipo na ubaya. Laiti ingalipata ajali ndogo, ningalijifunza upesi. Badala yake nilijifunza kwamba inawezekana. Mara ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Mara ya tatu msimamizi hakuniomba. Nilifungua kitabu mwenyewe. Mke wangu alikuwa akipanda treni zetu na watoto akienda kwao, nami nilikuwa nikikaa kituoni nawapungia mkono, nikijua moyoni ni mabehewa mangapi niliyoyaona na mangapi sikuyaona.

Siku niliyosoma habari ya Malbone ndiyo siku niliyoacha. Luciano alikuwa na mpini mkononi, mimi nilikuwa na kalamu. Sote wawili tuliambiwa treni inangojwa, na sote wawili hatukukataa.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa tawi hili, nami naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: mwanachama yeyote asitie saini kwa kazi ambayo hakuiona kwa macho yake. Akiwa ameona mabehewa manane, aandike manane. Msimamizi akitaka kupeleka treni, na atie saini yake mwenyewe kwa yale manne.

La pili: mwanachama anayekataa kutia saini ya uongo asiachwe peke yake. Mwakilishi wetu kazini aitwe usiku ule ule, si asubuhi. Mtu mmoja akikataa, ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, itaitwa kanuni.

La tatu: halmashauri ikienda kuzungumza na wakubwa juu ya mishahara, ipeleke pia hesabu ya mafundi wa kila zamu, na orodha ya vipuri vinavyokosekana. Mshahara ni haki yetu, lakini abiria hawezi kuuona. Akijua kwamba twagombania na breki zake pia, siku ya taabu atasimama upande wetu.

Najua kwa maneno haya naweza kuulizwa juu ya zile saini zangu za zamani. Na niulizwe. Nimemwandikia katibu wa tawi tarehe ninazozikumbuka, na karatasi iko kwake.

Leo niko zamu ya usiku. Treni ya alfajiri ina mabehewa tisa. Nitayaangalia yote tisa, na kila moja nitalinyoshea kidole kama yule gadi wa New York. Anayetaka kucheka na acheke, mradi aje na tochi anisaidie.